Ubuntu 24.04 kwenye kaunta ya Lamu: chungwa, biringani na mzozo wa giza na weupe

Nyumba ya mawe ya Lamu ina nuru mbili. Ndani, ukuta mnene wa matumbawe na vidirisha vyembamba hukifanya chumba kiwe na kiza hata saa sita za mchana. Ukipiga hatua nne hadi dakani, kibarazani pa mlango, jua linagonga chokaa ya ukuta wa jirani na kukurudia machoni. Duka la kuchapa na kufotokopi la Usita wa Mui, njia kuu ya mji huo, kwa kawaida limekaa katikati ya nuru hizo. Kioo cha mhudumu kimeupa mlango mgongo, cha mteja kinautazama. Mabishano yote kuhusu rangi za Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, huanzia hapo, na wengi wanaobishana wanasahau kuuliza mwenzao amekaa upande gani.

Tunachokipima hapa ni sura ya Ubuntu 24.04 kama inavyokuja, kabla hujagusa kitu: madirisha meupe, upau mweusi juu, safu ya programu kushoto, picha ya nyuma ya zambarau, na rangi ya chungwa kwenye swichi na visanduku vya tiki. Mashine nyingi zinazoingia kisiwani ni laptopu za mitumba zenye kioo cha 1366 kwa 768. Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025, nyingi za mashine hizo zimebaki njia panda, kwani karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazimo katika orodha ya Windows 11. Ubuntu ndiyo inayozipa maisha ya pili. Kwa hiyo rangi zilizochaguliwa na Canonical, kampuni inayotoa Ubuntu, kule London sasa ndizo anazokutana nazo mtu anayekuja kujaza fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Kwanza hesabu, maana maneno ya "inapendeza" na "haipendezi" hayana mwisho. Chungwa rasmi la Ubuntu lina namba #E95420. Maandishi meupe juu ya chungwa hilo yanatoa uwiano wa mwanga wa takriban 3.65 kwa 1. Mwongozo wa WCAG, unaotumika duniani kupima usomekaji, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Yaani chungwa linafaulu kwenye kichwa cha habari na kufeli kwenye maandishi madogo ya kitufe. Ajabu ni kwamba maandishi meusi juu ya chungwa hilohilo yanafika takriban 5.75, lakini wabunifu hupenda meupe. Biringani la zamani la Ubuntu, yaani ile zambarau yenye namba #77216F, likiandikwa meupe linapata karibu 9.4. Kwa hiyo anayesema "ile zambarau ilikuwa inasomeka zaidi" hajazeeka vibaya, macho yake yamepima sawasawa.

Na zambarau hiyo imekuja na kuondoka. Ubuntu ya kwanza, ya Oktoba 2004, ilivaa kahawia na chungwa, rangi za udongo. Aprili 2010, toleo la 10.04 lilitupa kahawia, likaleta biringani, na papo hapo likahamisha vitufe vya kufunga dirisha kutoka kulia kwenda kushoto. Mwaka 2017 vitufe vikarudi kulia. Mwaka 2018 ikaja sura iitwayo Yaru, yenye vichwa vya dirisha vyeusi juu ya mwili mweupe, na swichi za kijani. Mwaka 2020 kijani kikawa biringani. Mwaka 2022 biringani likawa chungwa. Vichwa vyeusi navyo vilikuwa vimeondolewa Oktoba 2021, na sababu haikuwa ladha tu: zana mpya za kujengea programu, GTK4, hazikurahisisha kichwa kiwe cheusi na mwili uwe mweupe bila maandishi kupotea mahali fulani. Waliokuwa wakiruka kutoka toleo la muda mrefu, yaani lile linalotunzwa kwa miaka mingi, hadi jingine, 20.04 kwenda 22.04, waliona yote mawili yamebadilika kwa mkupuo mmoja, na wakadhani kompyuta imeharibika.

Hapa maoni yanagawanyika mara tatu. Wahudumu wa kaunta wanataka weupe ubaki. Vijana wanaoandika programu na wanaokesha wanataka giza liwe ndilo la kuanzia. Walimu wa kompyuta hawajali ni rangi ipi, wanataka isibadilike. Kundi la tatu halisikiki sana, nalo ndilo lenye hoja nzito. Anayemfundisha mtu wa miaka hamsini kutumia kompyuta hamwambii "wezesha chaguo". Humwambia "hakikisha kimekuwa kijani". Karatasi ya mafunzo iliyobandikwa ukutani mwaka 2019 ilisema kijani, ya 2020 ingesema zambarau, ya 2022 ingesema chungwa. Dawa ni kufundisha kwa mahali na umbo: swichi iliyowashwa, kidude chake kiko kulia, kisanduku kilichochaguliwa kina tiki. Hayo hayakubadilika katika miaka yote hiyo, na yanamsaidia pia asiyetofautisha nyekundu na kijani.

Sasa giza. Mwenye kutaka giza husema linapumzisha macho na kuokoa betri. La betri ni kweli kwenye simu yenye kioo cha OLED, ambapo nukta nyeusi huzimwa kabisa. Kwenye laptopu ya LCD taa ya nyuma inawaka kwa nguvu ileile, iwe dirisha ni jeusi au jeupe, na paneli inaizuia tu taa isipite. Umeme ukikatika na umebaki na saa moja ya betri, kinachookoa ni kushusha mwangaza, wala si kubadilisha rangi. Tena mwenye madirisha meusi mlangoni mara nyingi hulazimika kupandisha mwangaza ili aone, na hapo anatumia umeme mwingi kuliko jirani yake mwenye weupe.

La macho linategemea nuru ya chumba. Penye mwanga mwingi, maandishi meusi juu ya weupe husomeka haraka zaidi, kwa kuwa mboni ya jicho inajibana na umbo la herufi linakuwa kali. Katika giza mboni hupanuka, na mwenye astigimatizimu, kasoro ya umbo la jicho, huona herufi nyeupe zikivimba kama taa ya mtaani usiku wa umande. Lakini chumba cha ndani baada ya isha, taa moja hafifu, weupe mtupu unachoma, na hapo giza lina haki yake.

Kuna sababu nyingine ambayo wauzaji wa mashine hawaisemi. Laptopu nyingi za bei nafuu zina paneli ya TN, aina rahisi ya kioo cha LCD. Paneli hiyo ukiitazama kutoka chini, rangi hugeuka. Ukiitazama kutoka juu au pembeni, nyeusi huwa kijivu cha majivu. Mhudumu ameketi, mteja amesimama upande wa pili akiinama kuhakiki namba ya kitambulisho chake. Kwa weupe wote wawili wanasoma. Kwa giza anasoma mmoja. Kama kioo ni cha kung'aa, ongeza na sura ya mtaa mzima inayojiangalia kwenye weusi, pamoja na alama za vidole na vumbi la chokaa. Kwa kaunta, basi, uamuzi wa Ubuntu kuanza na weupe ni sahihi, na anayeulaumu aketi kwanza kwenye kiti cha mteja.

Penye uchapishaji giza linaleta hasara ya fedha. Kosa linalojirudia ni hili: mtu ananakili maandishi kutoka ukurasa wa mtandao wenye giza, anayabandika Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, na herufi zinakuja na weupe wao. Kama amefanya na karatasi ya Writer iwe nyeusi, haoni tatizo lolote kiooni. Printa inatoa karatasi tupu. Inalaumiwa tona, inalaumiwa dramu, inafunguliwa na kufungwa mara tatu, na shida ni rangi ya herufi. Bandika kwa Ctrl+Alt+Shift+V ili yaje maandishi matupu. Kama yameshabandikwa, bonyeza Ctrl+A kisha Ctrl+M, mapambo yote ya mkononi yatafutika. LibreOffice pia ina chaguo la kuchapa maandishi yote kwa rangi nyeusi, liko kwenye chaguo za Writer, sehemu ya uchapishaji. Kwenye duka la kuchapa barua na wasifu wa kazi liache limewashwa, ila ukumbuke kulizima siku ya kadi ya harusi yenye maandishi ya dhahabu.

Hasara ya pili ni picha za skrini. Mwanafunzi analeta kazi ya kompyuta yenye picha kumi za madirisha meusi, au za terminali ya Ubuntu, dirisha la kuandikia amri, ambayo kiasili ina usuli wa biringani iliyokolea sana, #300A24. Kila ukurasa unakunywa wino kama mchanga. Kabla ya kupiga picha, rudisha weupe. Kwa terminali, ingia kwenye mapendeleo yake, fungua wasifu unaotumika, nenda kwenye rangi, ondoa tiki inayoifuata rangi za mfumo, kisha chagua nyeusi juu ya nyeupe. Ni nusu dakika.

Na kama umegeuza LibreOffice ikawa nyeusi na aikoni zake hazionekani, hazijapotea. Ni aikoni nyeusi juu ya weusi. Kwenye chaguo za programu, sehemu ya mwonekano, chagua seti ya aikoni iliyotengenezwa kwa giza, kama Colibre au Breeze ya giza.

Upande wa kubadilisha, Ubuntu imefanya vizuri kuliko watangulizi wake. Fungua Mipangilio, halafu Mwonekano. Juu kuna weupe na giza, chini yake duara kumi za rangi ya msisitizo, ile ya swichi na tiki, na chungwa ndilo la kuanzia. Bonyeza buluu au zambarau, zote mbili zinasomeka vizuri kuliko chungwa pale maandishi meupe yanapokaa juu yake. Hakuna kulipia, hakuna kufungiwa. Linganisha na Windows isiyoamilishwa, ambayo ukurasa wake wa kubinafsisha rangi umefungwa kwa kufuli ya kijivu. Hata hivyo Windows ina jambo moja ambalo Ubuntu haina: chaguo mbili zilizotengana, moja ya upau na nyingine ya programu. Ubuntu nayo ilikuwa na mchanganyiko wake, wa vichwa vyeusi juu ya madirisha meupe, na wengi waliouzoea bado wanaulilia. Kilio hicho kina msingi, kwani kichwa cheusi kilionyesha wazi dirisha moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Leo ukipanga madirisha mawili meupe yakipandana kwenye kioo kilichofifia, mpaka ni kivuli chembamba tu.

Wanaopendelea kuandika amri kwenye terminali, hizi ndizo za weupe wenye buluu:

gsettings set org.gnome.desktop.interface color-scheme 'default'
gsettings set org.gnome.desktop.interface gtk-theme 'Yaru-blue'
gsettings set org.gnome.desktop.interface icon-theme 'Yaru-blue'

Kwa giza, 'default' ya amri ya kwanza iwe 'prefer-dark' na gtk-theme iwe 'Yaru-blue-dark'. Lazima ziende pamoja. Programu mpya husoma color-scheme kujua ni weupe au giza, za zamani zinasoma gtk-theme peke yake. Ukibadilisha moja tu unapata nusu ya kompyuta nyeusi na nusu nyeupe, ndipo lawama zinapoanza kwamba Ubuntu haijakamilika. Lawama hiyo haikosi ukweli, maana programu zilizojengwa kwa zana nyingine ziitwazo Qt, VLC ya kuchezea video ikiwa mojawapo, mara nyingine hazifuati hata ukifanya kila kitu sawa.

Duka lenye mashine sita au maabara ya shule haitaki kila mteja aache rangi zake. Hapo weka rangi za kuanzia kwa watumiaji wote kupitia dconf, hazina inayotunza mipangilio. Tengeneza faili /etc/dconf/profile/user lenye mistari hii miwili. Kama lipo tayari, hakikisha wa pili umo:

user-db:user
system-db:local

Kisha faili /etc/dconf/db/local.d/00-rangi:

[org/gnome/desktop/interface]
color-scheme='default'
gtk-theme='Yaru-blue'
icon-theme='Yaru-blue'

Malizia kwa sudo dconf update, toka kwenye akaunti na uingie tena. Isipofanya kazi, sababu ni mojawapo ya tatu: faili la profile halipo kwa hiyo mfumo hausomi kabisa hazina ya pamoja, alama za nukuu zimesahauliwa, au dconf update haikuendeshwa. Kuna na ya nne isiyo kosa: mtumiaji aliyewahi kuchagua rangi yake mwenyewe atabaki nayo, kwani chaguo lake linatangulia. Ukitaka asiweze kubadilisha, ongeza faili ndani ya /etc/dconf/db/local.d/locks/ lenye mstari mmoja kwa kila unachofunga, kwa mfano /org/gnome/desktop/interface/color-scheme, na uendeshe update tena. Kwenye maabara, funga. Kwenye duka usifunge giza, kuna wateja wanaolihitaji kwa ajili ya macho yao.

Wasioona vizuri wana mlango wao. Kwenye ufikivu, sehemu ya kuona, kuna utofauti wa juu wa rangi, unaochora mipaka wazi kuzunguka vitufe. Sura yake ni ya ukali, na hakuna anayeipenda isipokuwa anayeihitaji. Ukubwa wa maandishi nao una swichi inayopandisha hadi 1.25, lakini kwenye kioo cha 768 baadhi ya madirisha yatasukuma kitufe cha kuhifadhi nje ya ukingo wa chini. Jaribu 1.15 kwanza:

gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.15

Mwanga wa usiku, ule unaoufanya weupe uwe wa manjano, watu wengi wanauchanganya na hali ya giza. Ni vitu viwili. Lamu iko karibu na ikweta na jua linazama mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili kamili na kumi na mbili na nusu na ushei, hivyo hakuna haja ya kuiachia kompyuta itafute mahali ilipo. Weka ratiba ya mkono, ianze 18:30 hadi 06:00. Anayechagua rangi za kadi au bango auzime kabisa, la sivyo atarekebisha rangi ya kioo akidhani anarekebisha ya kazi, na asubuhi mteja ataletewa rangi siyo aliyoichagua.

Picha za nyuma hazistahili maneno mengi. Ile ya 22.04 ilikuwa ya konyeza, na mtu wa pwani aliyewahi kupigwa na konyeza haoni uzuri uko wapi. Ile ya 24.04 imetulia zaidi. Tatizo halisi huja mtu anapoweka picha yake ya mchanga wa Shela saa za mchana. Majina ya faili kwenye eneokazi huandikwa meupe siku zote, hata ukiwa kwenye weupe, na juu ya mchanga mweupe yanayeyuka. Kabla ya kumtafutia faili "lililopotea", badilisha picha. Ya jahazi jioni inafaa, au rangi moja tupu:

gsettings set org.gnome.desktop.background picture-options 'none'
gsettings set org.gnome.desktop.background primary-color '#2C001E'

Kwa jumla ya alama, weupe wa kuanzia tunaupa nne kati ya tano, chungwa mbili, hali ya giza tatu, na urahisi wa kubadilisha nne na nusu. Tabia ya kubadilisha rangi ya swichi mara kwa mara haipati kitu.

Kwa kuwa toleo jingine litakuja na litagusa tena kitu, hifadhi rangi ulizozizoea kabla ya kupandisha:

dconf dump /org/gnome/desktop/interface/ > rangi-zangu.txt

Baada ya kupandisha, fungua akaunti mpya ya majaribio uone sura iliyokuja, kwa sababu akaunti ya zamani inabeba machaguo yake na inaweza kukuficha mabadiliko. Ukitaka za kwako zirudi:

dconf load /org/gnome/desktop/interface/ < rangi-zangu.txt

Faili hilo linabeba fonti na ukubwa wa maandishi pia. Mashine mpya ikiwa na kioo kikubwa zaidi, futa mstari wa text-scaling-factor kabla ya kulipakia.